Majina ya Kifaransa Katika Koo za Visiwani: Namna ya Kufuatilia Asili Yake

Hutokea mara kwa mara, katika ofisi za usajili, katika Mahkama ya Kadhi na hata mbele ya sheha, kwamba mwananchi anayefuatilia mirathi, cheti cha kuzaliwa au pasi ya kusafiria hueleza kuwa babu au bibi yake alikuwa "Mfaransa". Aulizwapo ushahidi, huleta jina moja lisilokamilika, pengine limeandikwa nyuma ya picha ya zamani au katika ukurasa wa mwisho wa msahafu, na kauli ya marehemu bibi. Karani humtazama mwombaji, akaona sura na lugha ya mtu wa Unguja asiye na tofauti na jirani zake, akaandika "haijathibitishwa". Mwombaji hurudi nyumbani na manung'uniko, na faili hukaa.

Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo "Mfaransa" lilikuwa na maana gani katika vinywa vya wazee, majina ya Kifaransa yaliingiaje katika koo za visiwa hivi na za pwani ya Bara, na mtu anayetaka kuijua asili yake aanzie wapi. Jambo hili si la udadisi mtupu. Nasaba ikikosewa, anayestahiki kurithi huachwa nje na asiyestahiki huingizwa ndani. Na jina likiandikwa kwa tahajia mbili katika hati mbili, mjane huweza kungoja haki yake kwa muda mrefu kwa sababu ya herufi moja.

Lililo la kwanza kufahamika ni kwamba katika mazungumzo ya wazee wetu "Mfaransa" hakuwa mtu wa namna moja. Alikuwapo Mfaransa wa damu, yaani baharia, mfanyabiashara au mwenye shamba aliyetoka Ufaransa au katika visiwa vyake vya Bahari ya Hindi. Alikuwapo Mfaransa wa himaya, ambaye hakuwa na tone la damu ya Ulaya, bali alizaliwa katika nchi iliyotawaliwa na Ufaransa, kama Ngazija, akaishi Unguja chini ya hifadhi ya konseli wao. Na alikuwapo Mfaransa wa Misheni, Mwafrika wa Bara aliyelelewa na mapadri wa Kifaransa, akabatizwa kwa jina lao. Aliye wengi zaidi katika hadithi za familia ni huyu wa tatu na yule wa pili. Wa kwanza, ambaye watu humtaja kwa fahari, ni adimu.

MAPADRI WA UNGUJA NA BAGAMOYO

Mkataba wa urafiki na biashara baina ya Ufaransa na Seyyid Said bin Sultan ulitiwa saini tarehe 17 Novemba 1844, na baada yake Ufaransa ikawa na konseli wake mjini Unguja. Mnamo Disemba 1860, katika utawala wa Seyyid Majid, aliwasili Padri Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadri na masista, wakafungua hospitali na karakana za kufundishia vijana kazi za mikono. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, na Padri Antoine Horner akawa mkuu wake. Mwaka 1868 shirika hilo lilihamishia makao yake makuu Bagamoyo, likaanzisha shamba, skuli na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kutoka hapo mapadri walipanda juu: Mhonda katika nchi ya Wanguu mwaka 1877, Mandera katika nchi ya Wazigua mwaka 1881, na Morogoro mwaka 1882.

Watoto wa kwanza wa misheni hii walinunuliwa sokoni Unguja kwa fedha za sadaka zilizokusanywa Ulaya. Baada ya Seyyid Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 na soko la watumwa kufungwa, waliongezeka wale waliokamatwa baharini na manowari za Kiingereza na kugawiwa misheni mbalimbali. Walipofikia umri wa kuoa waliozwa wao kwa wao na kupewa nyumba na kipande cha ardhi. Hapo ndipo mtoto wa Kizigua, wa Kizaramo, wa Kinyasa au wa Kiyao alipopata kuitwa Étienne, Marguerite au François.

Jina hilo lilitoka wapi? Kwa kawaida lilitoka katika kalenda ya watakatifu, au lilikuwa jina la padri aliyembatiza, au la msimamizi wake wa ubatizo. Mara nyingine mfadhili wa Ulaya aliyetoa sadaka ya kumkomboa mtoto alipewa nafasi ya kulipendekeza jina. Hilo lilikuwa jina la mtu binafsi, sio la ukoo. Mtoto hakupewa jina la familia ya Kifaransa, wala padri hakuweza kumpa, kwa kuwa padri Mkatoliki haoi na hana kizazi cha kurithisha jina. Kwa hiyo anayesema "sisi ni ukoo wa Padri Fulani" amelitafsiri vibaya neno la bibi yake: bibi alimaanisha kwamba babu alilelewa na padri huyo.

Jina la ubatizo nalo halikutulia. Kitabu cha ubatizo huandikwa kwa Kilatini, na barua za mapadri ziliandikwa kwa Kifaransa. Katika mitaa ya Bagamoyo watu waliongea Kiswahili, na baada ya hapo ukaja utawala wa Kijerumani na kisha wa Kiingereza. Mtu mmoja huweza kuwa Petrus kitabuni, Pierre katika barua ya padri, Petro kwa mkewe na Peter katika daftari la mshahara. Akisilimu baadaye Unguja, huwa Juma au Mabruki, na hapo nyuzi mbili za maisha yake hukatika kabisa isipokuwa kama mtu alizifunga kwa maneno.

MTU WA MASUGURU

Tuchukue mfano wa familia ya mjini Unguja ambayo imerithi sentensi moja tu: "Sisi asili yetu Wazigua wa Masuguru, na babu mkubwa alikuwa Mfaransa." Masuguru hii ni ile ya upande wa Handeni na Korogwe. Sentensi hiyo fupi, ikisomwa kwa uangalifu, ina mambo manne ya kufanyia kazi.

La kwanza ni jina la mahali. Masuguru haiko moja katika Tanzania. Ipo nyengine, kwa mfano, upande wa Nanyumbu katika Mkoa wa Mtwara. Jina lenyewe linafanana na neno kisugulu, yaani kichuguu, na majina yatokanayo na sura ya ardhi hujirudia popote ardhi inapojirudia. Mtu asiyetaja zaidi ya "Masuguru" amemwelekeza mtafutaji pande mbili za nchi zilizo mbali mno. Aidha, vijiji vya Bara vilihamishwa. Katika Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 watu wengi wa Handeni, kama wa wilaya nyengine, walitolewa katika vitongoji vya wazee wao na kukusanywa pamoja, hata jina la kijiji cha leo huenda lisikae juu ya ardhi ile ile aliyoitaja babu. Tena Wilaya ya Kilindi ilikatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Kwa hiyo hati ya kabla ya mwaka huo inayosema "Handeni" yaweza kumhusu mtu ambaye kwao leo ni Kilindi. Makarani wetu wanaombwa kutokataa hati mbili kwa sababu ya tofauti hii peke yake.

La pili ni neno Mzigua. Nchi ya Wazigua ilipatwa na njaa kubwa katika miaka ya 1830, na watu wengi walitolewa au walijitoa wenyewe kwa wenye chakula wa pwani, wakasafirishwa. Baadhi walifikishwa Benadir, wakatoroka mashambani na kujenga vijiji vyao kandokando ya Mto Juba. Wajukuu wao walihifadhi Kizigua kwa zaidi ya miaka mia na hamsini katikati ya watu wa lugha nyengine. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi walisafiri kurudi nchi ya wazee wao, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine, pamoja na jamaa zao wa Kibantu kutoka bonde hilo hilo, walichukuliwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Watu hao hawakurudi na vyeti. Walirudi na lugha, majina ya koo na masimulizi ya njaa. Inafaa anayetafuta asili yake Unguja alizingatie hilo, maana mara nyingi tunamdharau bibi asiyejua kusoma, na ndiye mwenye daftari lote kichwani.

La tatu ni "babu mkubwa alikuwa Mfaransa". Kwa mtu wa Uzigua, tafsiri iliyo karibu na ukweli ni kwamba alipitia Mandera, Mhonda au Bagamoyo. Lakini lazima kuuliza tena. Kaskazini, upande wa Bondei na Korogwe, waliotangulia kuweka misheni ni Waingereza wa UMCA waliokuwa na makao Magila, na aliyebatizwa huko ana jina la Kiingereza katika kitabu cha Kianglikana. Na Wazigua wengi zaidi hawakuingia misheni yoyote. Uislamu uliwafikia kwa njia za misafara kutoka Saadani na Pangani, na hao hawamo katika kitabu cha kanisa hata kimoja. Familia ya Kiislamu ya Masuguru yenye kumbukumbu ya "Mfaransa" basi huenda ina mzee mmoja tu aliyeshuka Bagamoyo, akalelewa, akavuka bahari, na Unguja akarudi katika dini ya ndugu zake.

La nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Wazigua na Wanguu, kama Wakwere, Waluguru na Wazaramo, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa. Uislamu na desturi ya pwani humwita mtu kwa jina la baba yake, na serikali zote, za kikoloni na zetu, zimeandika hivyo hivyo. Anayekwenda Handeni na mkururo wa majina ya mababa tu, fulani bin fulani bin fulani, hujibiwa kwa heshima kwamba hajulikani. Akitaja ukoo wa mama ya babu yake, mzee wa kijiji huweza kumwambia nyumba ya kwenda kugonga mlango.

Jambo moja zaidi halina budi kusemwa wazi. Katika baadhi ya nyumba "Mfaransa" ni stara. Familia ilikuwa na mzee aliyeuzwa, na kizazi kilichofuata kikaona vyema kumtaja mlezi wake Mzungu kuliko kumtaja aliyemuuza. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar kwa amri ya Aprili 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Aibu yake ni ya walioufanya. Mtafutaji akikubali kuitafuta hati ya uhuru ya babu yake, mara nyingi atapata humo yale ambayo hadithi ya Mfaransa iliyaficha: kabila, umri uliokadiriwa na jina la bwana aliyemmiliki. Atakuta pia majina waliyopewa watumwa, kama Feruzi, Almasi, Marjani, Baraka, au majina ya siku za juma. Na akikuta "bin Abdallah", asikimbilie kutafuta mtu aitwaye Abdallah. Asiyejulikana baba yake aliandikwa mara nyingi hivyo, kwa maana ya mwana wa mja wa Mwenyezi Mungu.

WANGAZIJA NA HIMAYA

Namna ya pili ya "Mfaransa" inagusa nyumba nyingi za Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ufaransa ilichukua Maore kwa mkataba wa mwaka 1841, ikaweka himaya juu ya Ngazija, Nzuani na Mwali mwaka 1886, na mwaka 1912 ikavifanya visiwa vyote kuwa koloni lililounganishwa na Bukini. Wangazija walikuwa wakija Unguja kwa biashara, elimu na kazi za serikali kabla ya hapo na baada yake. Wakiwa hapa walihesabiwa kuwa watu wa Ufaransa, na hadhi hiyo iliwapa mlango wa konseli ambao jirani zao hawakuwa nao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 hadhi hiyo hiyo iliwaletea wengine mashaka ya uraia. Komoro ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1975, isipokuwa Maore iliyobakia na Ufaransa.

Hapa inapasa kutoa tahadhari. Wapo mawakala wanaowaambia vijana kwamba babu aliyekuwa chini ya himaya ya Ufaransa humfanya mjukuu kuwa raia wa nchi hiyo. Sivyo. Kuwa mtu wa himaya hakukuwa sawa na kuwa raia, na uhuru wa 1975 ulileta sheria zake. Anayedhani ana haki aulize ubalozi wa Ufaransa mwenyewe, bila ya kumlipa mtu wa barazani.

Majina ya Wangazija kwa asili si ya Kifaransa. Ni ya Kiislamu, mtu na jina la baba yake, kama yetu. Isipokuwa masharifu na baadhi ya koo za Kihadhrami, ambao jina la nyumba yao hupita kizazi hadi kizazi. Sayyid Ahmed bin Abi Bakr bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra huko Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925 baada ya kuwa kadhi kwa miaka mingi, aliitwa Bin Sumeit kama alivyoitwa baba yake na kama alivyokuja kuitwa mwanawe, Sayyid Omar. Lakini kwa Mngazija wa kawaida jina la pili hubadilika kila kizazi, na lililo la kudumu ni inya, yaani ukoo, nao hupita kwa mama. Nyumba na shamba la manyahuli hurithiwa na wanawake kwa mkondo huo huo. Kwa hiyo Mzigua wa Masuguru na Mngazija wa Moroni, wasiofahamiana, wanakutana katika jambo moja: karatasi ya serikali inamfuata baba, na ukoo unamfuata mama.

Mfaransa alichofanya ni kuyaandika majina hayo kwa masikio yake. Yusuf akawa Youssouf, Musa akawa Moussa, Swalihi akawa Soilihi, Twahir akawa Toihir. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akaandikishwa Moroni na mwengine Unguja, hutofautiana kwa karatasi kana kwamba ni wageni. Karani asiyejua haya hudai kiapo juu ya kiapo. Inatosha kukumbuka kwamba kwa Mfaransa herufi "ou" ni sauti ya u au w, "ch" ni sh, na "dj" ni j. Katika ramani na barua zao Uzigua huonekana kama Ouzigoua na Ukami kama Oukami. Mtu anayetafuta "Uzigua" katika nyaraka za Kifaransa kwa tahajia yetu atazipekua mpaka jua lizame.

Maore ilipita njia nyengine. Kwa sababu Ufaransa inataka kila raia awe na jina la familia lisilobadilika, amri ya tarehe 8 Machi 2000 iliwataka watu wa Maore walioishi kwa hadhi ya kienyeji wachague jina hilo, na tume maalumu ikayapitia majina yao na kusahihisha vyeti kwa takribani miaka kumi. Baadhi walichagua jina la baba, wengine la babu, na hata ndugu waliachana majina. Mwenye jamaa Maore asishangae basi kumkuta binamu yake ana jina ambalo halimo katika shajara ya familia. Ni jina halali, lakini umri wake ni mdogo.

MFARANSA WA DAMU

Ikiwa baada ya yote hayo familia bado ina sababu ya kuamini kwamba mzee wao alikuwa Mfaransa hasa, ifahamu desturi za Wafaransa wenyewe. Mwaka 1539 mfalme wao aliamuru mapadri waweke daftari za ubatizo. Mwaka 1792, katika Mapinduzi yao, daftari zilihamishiwa serikalini, na mwaka 1794 sheria ilikataza mtu kutumia jina lisilokuwa katika hati yake ya kuzaliwa. Sheria ya 1803 iliagiza kwamba majina ya watoto yatoke katika kalenda au katika historia ya kale, nayo ilidumu hadi 1993. Ndiyo maana majina yao ya kwanza ni machache na hujirudia: babu, mtoto na mjukuu wote Jean, na mjomba naye Jean. Daftari za Paris zilipoungua katika ghasia za 1871, serikali iliamua kila wanandoa wapewe kitabu kidogo cha familia kuanzia 1877.

Mambo mawili ya desturi hiyo yatamfaa mtafutaji. Mwanamke wa Kifaransa hubaki na jina la baba yake katika hati zote za serikali hata akiolewa, kama ilivyo kwetu Waislamu. Kwa hiyo bibi atafutwe kwa jina la kwao. Na mtoto wa nje ya ndoa alipata jina la baba pale tu baba alipomtambua mbele ya ofisa. Wenye mashamba wa Komoro, wakiwa pamoja na Léon Humblot aliyefika Ngazija katika miaka ya 1880 na kushika sehemu kubwa ya ardhi, na watu wa Réunion waliolima miwa Maore, waliishi katika nchi ambayo watoto wa aina hiyo walizaliwa. Aliyetambuliwa yumo daftarini, asiyetambuliwa yumo kwa jina la mama au hayumo kabisa.

Aidha, kulingana kwa jina si ushahidi wa damu. Wafaransa walinunua watumwa pwani yetu tangu zamani. Mwaka 1776 Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka. Utumwa ulipokomeshwa Réunion tarehe 20 Disemba 1848, watu wapatao elfu sitini na mbili waliokuwa na jina moja tu waliandikwa katika daftari maalumu na kupewa kila mmoja jina la familia. Maofisa waliyabuni: majina ya miezi, ya miungu ya Kigiriki, maneno yaliyopinduliwa herufi. Kwa kawaida hawakupewa majina ya mabwana wao. Katika Shelisheli nako, zaidi ya Waafrika elfu mbili waliookolewa na manowari walishushwa kuanzia 1861 na kuingia katika nchi ya majina ya Kifaransa chini ya bendera ya Uingereza. Mwenye jina la Kifaransa huko aweza kuwa Mzigua kuliko sisi.

MAHALI PA KUULIZA

Mtafutaji aanze nyumbani, kwa wanawake wazee, na aandike kila jina kama lilivyotamkwa bila ya kulisahihisha. Kisha aende katika Taasisi ya Nyaraka, Kilimani, ambako mna kumbukumbu za mahkama, mirathi na uhuru wa watumwa. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana isisahauliwe: baadhi ya waweka wakfu waliwataja kwa majina watumwa waliowaacha huru kuwa wanufaika. Waliobatizwa watafutwe katika kanisa la Minara Miwili na katika misheni ya Bagamoyo, ambayo pia ina makumbusho. Hifadhi kuu ya Shirika la Roho Mtakatifu iko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Kwa upande wa Masuguru, vizazi vilivyosajiliwa Bara viko chini ya RITA kupitia ofisi ya wilaya.

Ufaransa kwenyewe, amri ya mwaka 1776 iliagiza daftari za makoloni ziandikwe nakala tatu na moja ipelekwe Versailles. Kwa uangalifu huo wa miaka zaidi ya mia mbili, nakala za Réunion na makoloni mengine zipo leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Ng'ambo mjini Aix-en-Provence, na sehemu kubwa husomwa bure kwa intaneti. Nyaraka za makonseli ziko Nantes. Hati za kuzaliwa na za ndoa hufunguliwa kwa watu wote baada ya miaka 75. Za karibu zaidi hupewa wahusika na jamaa zao.

Kwa watumishi wanaopokea maombi haya, inashauriwa kwamba tahajia ya hati ya kigeni inakiliwe kama ilivyo, nukta na alama zake, na matamshi ya familia yaandikwe pembeni yake ndani ya faili hilo hilo. Youssouf asifanywe Yusuf kwa kalamu ya karani. Kama familia inataka kuliunganisha jina, ziko taratibu za hati ya kiapo na za kubadilisha jina kisheria, na mwombaji aelekezwe huko, akiwa na orodha ya majina yote ambayo mzee wake alipata kuitwa, la Misheni na la nyumbani.